Lile duara la R kwenye sabuni yangu

Sabuni haibanduliwi lebo kwa maji. Ungeniambia hilo zamani ningecheka, lakini nimelijua nikiwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa ndani ya stoo ya mtu Kariakoo, Machi 2023, mbele yangu katoni 40 za sabuni ya mwani, kila katoni vipande 24. Mdogo wangu alileta beseni la maji ya vuguvugu akidhani tutabandua kama lebo za chupa. Kipande cha kwanza tu kikamtoa povu mkononi. Tukatuma mtu nyembe. Siku mbili tulichana karatasi polepole tusiikwaruze sabuni, na lile joto la Dar, mpaka mikono ikanuka mchaichai wiki nzima.

Karatasi zile zilikuwa na jina nililolitumia tangu 2016. Silitaji hapa, kwa sababu ng'ambo ya bahari sasa ni mali ya mtu mwingine, na sina hamu ya kupokea barua nyingine ya wakili.

Nilianza jikoni kwa mama, Wete. Mwani tunao, mafuta ya nazi tunayo, mchaichai uko nyuma ya nyumba. Nilipohamia Unguja nikapata maduka mawili Mji Mkongwe na hoteli chache za Paje na Nungwi, na 2018 nikaona sasa mambo yamekuwa makubwa, nikaenda Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, BPRA, kusajili jina la biashara. Cheti nilikitia fremu. Kila mgeni akiingia karakana yangu, jambo la kwanza kuoneshwa ni kile cheti.

Hapo ndipo kosa langu la kwanza lilipokaa, ukutani, ndani ya kioo. Cheti cha jina la biashara kinasema kitu kimoja: fulani anafanya biashara kwa jina fulani. Hakimzuii mwingine kuliandika jina lile juu ya sabuni yake. Cha kumzuia ni usajili wa alama ya biashara, na hilo ni daftari jingine, fomu nyingine, ada nyingine. Nimeongea na wafanyabiashara wengi tangu yanikute haya, wa viungo, wa khanga, wa majuisi, na naweza kusema tulio wengi tunaamini fremu ile imemaliza kazi.

Kosa la pili lilikuwa la kifamilia. Mtoto wa shangazi yangu ni fundi wa kompyuta. Mwaka 2019 aliniundia kila kitu: nembo, tovuti, barua pepe yenye jina la biashara, ukurasa wa picha mtandaoni, na folda kwenye klaudi, ile hifadhi ya mtandaoni, ya kuwekea picha, ankara na orodha ya wateja. Alifanya kwa mapenzi. Nilimpa laki tatu mkononi, na yeye akaona nimempa nyingi. Domeni, yaani anwani ya tovuti, aliinunua kwa kadi yake na kwa jina lake. Akaunti zote alizifungua kwa imeili yake na namba yake ya simu. Maelewano yetu yote yalikuwa sauti za WhatsApp. Nimwandikishe mkataba mtoto wa shangazi, nionekane simuamini?

Alipokuwa anamalizia lebo aliniuliza, "Dada, tuweke na kile kiduara cha R? Kinapendeza, bidhaa inaonekana ya kimataifa." Nikamwambia weka. Sikujua hata kinamaanisha nini. Maana yake ni kwamba alama hii imesajiliwa, na kukiweka kabla ya kusajili ni kumdanganya mnunuzi. Nchi nyingi zinalihesabu kosa la kisheria. Basi miaka minne nilikuwa nasema uongo kwenye kila kipande cha sabuni, bila kujijua.

Ilipokuja korona 2020 hoteli zikafungwa, nikaanza kuuza kwa mtandao na kupeleka mzigo Dar kwa boti. Mwaka 2021 nikapata mnunuzi wa jumla. Biashara ikakaa vizuri. Mtoto wa shangazi naye mwaka uliofuata akapata kazi Muscat, tukamsindikiza uwanjani kwa furaha na machozi, na hakuna aliyekumbuka kuuliza paswadi.

Barua ilikuja Februari 2023. Ilifika kwa mtu aliyenihifadhia mzigo Kariakoo, naye akanipigia picha. Jina limesajiliwa Tanzania Bara, daraja la 3, sabuni na vipodozi. Niondoe bidhaa sokoni. Na kwenye aya ya mwisho kulikuwa na swali lililonikaa kooni kama mwiba wa changu: kwa kuwa bidhaa zangu zina alama ya R, niwapelekee nakala ya cheti changu cha usajili. Nani aliyelisajili? Nitasema tu kwamba hakuwa mgeni na katoni zangu.

Nilikasirika, na nikiwa na hasira nikafanya jambo la kijinga: nikaandika ujumbe mrefu wa matusi na vitisho vya kumwanika mtandaoni, nikautuma. Wakili aliponiuliza baadaye kama nimewasiliana na upande wa pili, ilinibidi nimuoneshe simu. Alisoma kimya, akavua miwani, akaniambia, "Dada yangu, kuanzia leo ukitaka kuandika, niandikie mimi." Kama na wewe umepata barua kama ile, usimjibu mtu chochote siku hiyo. Kalale kwanza.

Wiki hiyohiyo ukurasa wetu wa picha ukatoweka. Wafuasi zaidi ya elfu tisa, oda, mazungumzo na wateja, vyote. Mitandao ile huwa na fomu ya mwenye alama kulalamika, na akilalamika akiwa na namba ya usajili, anayelalamikiwa hupelekewa taarifa na nafasi ya kujibu. Sisi tulipelekewa. Ilikwenda kwenye ile barua pepe yenye jina la biashara, ambayo tangu Januari ilikuwa imekufa, kwa sababu domeni ilikuwa imeisha muda, kwa sababu kadi ya mtoto wa shangazi ilikuwa imeisha muda, na kampuni ilipomkumbusha ilimkumbusha yeye, kwenye imeili ambayo haingii tena barua kwa kuwa imejaa. Alikuwa amepakia humo video zote za harusi yake. Akaunti ya bure ya Google ina gigabaiti 15, na hizo ni za barua, picha na mafaili kwa pamoja. Zikijaa, hata barua mpya haziingii. Basi harusi ile, ambayo mimi mwenyewe nilipika biriani yake, ndiyo iliyonizibia masikio.

Nilipolijua hili ndipo nikaelewa kwamba balaa langu ni moja, si mawili. Kabla ya hapo nilikuwa nikisema nina tatizo la sheria na tatizo la kompyuta.

Domeni tuliiwahi. Kwa zile za .com, muda ukiisha kampuni iliyokuuzia huweza kukupa siku kadhaa za kulipa kwa bei ya kawaida. Zikipita hizo huja siku 30 ambazo bado ni yako lakini kuikomboa kuna faini. Kisha siku 5 za kusubiri kufutwa, halafu inarudi sokoni, mwenye kuwahi achukue. Sisi tulikuwa ndani ya zile 30, na faini ilikuwa dola 90. Kulipa hakukuwa shida. Shida ilikuwa kuingia. Akaunti ilitaka namba ya siri ya tarakimu sita, nayo inatumwa kwa ujumbe kwenye laini ya zamani ya mtoto wa shangazi, aliyoiacha Wete.

Shangazi, Mungu amuweke, alikuwa akiiwekea laini ile vocha mara mojamoja isije ikafungwa, kwa kuwa ni namba ya mwanawe. Ilikuwa ndani ya kopo la vifungo. Usiku ule, saa tano kwetu na saa sita kwao Muscat, tulikuwa watu watatu kwenye simu: mwanawe kwenye kompyuta kule, mimi katikati na simu mbili masikioni, na shangazi Wete na simu yake ya kitochi.

"Shangazi, umeingia ujumbe?"

"Umeingia, mwanangu."

"Nisomee namba."

Akasoma. Tukaandika. Imekataa. Tukaomba namba nyingine, akasoma tena kwa utulivu uleule wa mtu anayesoma hitima, na ikakataa tena. Mara ya tatu nikaona namba ni ileile. Alikuwa akitusomea namba ya aliyetuma. Nikamwambia ashuke chini, ndani ya ujumbe, na mara hii tukaingia. Mwanawe akacheka mpaka akakohoa. Mimi nililia, na sijui hata kwa nini nililia pale na si siku ya barua.

Wakili nilimfuata Dar. Swali lake la kwanza lilikuwa kama nimesajili alama Zanzibar, nikasema hapana, la pili kama nimesajili Bara, nikasema hapana. Kisha akanieleza jambo ambalo kila mfanyabiashara wa visiwani angepaswa kuambiwa siku anapopanda boti na katoni ya kwanza. Alama za biashara si jambo la Muungano. Bara wana sheria yao, Sura ya 326, na daftari lao liko BRELA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni. Zanzibar tuna sheria yetu, Namba 4 ya 2008, na daftari letu liko BPRA. Ukisajili upande mmoja, upande wa pili huna kitu. Hata kama ningekuwa na cheti cha Zanzibar ndani ya fremu ya dhahabu, Kariakoo kisingenisaidia kubakisha jina.

Akaniambia pia kwamba Bara maombi yakikubaliwa hutangazwa, na kuanzia hapo mtu mwenye pingamizi ana siku 60. Lile langu lilitangazwa. Siku zote 60 mimi nilikuwa nikichemsha mafuta ya nazi na kupeleka mzigo kwa mtu yuleyule.

Njia zilikuwepo. Ningeweza kudai kwamba aliyesajili alifanya kwa nia mbaya, nikathibitisha kwamba nilitumia jina miaka mitano kabla yake. Ushahidi ninao, nikamwambia: ankara za 2018, picha, oda. Upo wapi? Kwenye klaudi. Ya nani? Hapo nikaishiwa maneno. Folda niliyoiona kila siku kwenye simu yangu nilikuwa nimeshirikishwa tu. Mwenyewe ni akaunti ya mtoto wa shangazi, na siku akiifuta au akiisahau, nami sina. Google walitangaza 2023 kwamba akaunti binafsi isiyoguswa miaka miwili wanaweza kuifuta na vilivyomo. Fikiria mtu amehamia nchi nyingine na imeili mpya, ya zamani anaisahau tu. Tulivishusha vyote usiku uleule kwenye diski ya mkononi.

Mwisho sikushtaki. Kesi ingeweza kuchukua miaka, na hesabu ya nauli za boti peke yake ilinitisha. Kuna siku najuta, hasa nikiona sabuni ya jina lile kwenye picha ya mtu. Mdogo wangu mpaka leo anasema nilikuwa mwoga, na sina jibu la kumpa.

Nikaamua kutafuta jina jipya. Safari hii nilikwenda BPRA kabla ya kuchapa chochote, na pendekezo langu kifuani: "Sabuni ya Mwani Zanzibar". Nililiona jina zuri, la kizalendo. Mama aliyenipokea dirishani aliitazama karatasi, akanitazama mimi.

"Mwanangu, kila anayepika sabuni Paje anauza sabuni ya mwani, na wote wako Zanzibar. Ukilichukua wewe, wenzio waiiteje?"

Sikuwa nimelifikiri hivyo. Maneno yanayoeleza bidhaa yenyewe, au mahali inapotoka, hayafai kuwa ya mtu mmoja, na jina zuri kwa alama ni lile ambalo halielezi kitu, hata kama wenye kutangaza biashara wataguna. Karafuu kwenye sabuni ya karafuu halifai, lakini kwenye viatu lingepita. Nikarudi nyumbani, tukakaa siku nne tukibishana, na tukachukua neno la utani ambalo marehemu bibi alikuwa akimwita paka wake. Upekuzi ukafanywa pande zote mbili, likaonekana liko huru.

Kuna uamuzi mmoja nataka niueleze vizuri kwa sababu uliniokolea pesa. Unaweza kusajili neno peke yake kwa herufi za kawaida, au nembo yenye mchoro, au vyote. Kama pesa ni za kimoja, mimi nasema neno. Mchoro utaubadilisha, rangi zitabadilika, lakini neno likiwa lako linakufuata kwenye kila lebo. Kisha madaraja. Bidhaa na huduma zote zimegawanywa madaraja 45, ya 1 hadi 34 ni bidhaa, yaliyobaki ni huduma. Sabuni na mafuta ya kupaka ni la 3. Mishumaa, ambayo niliidhani ni ndugu wa sabuni, iko la 4. Chai na viungo la 30. Kuna kijana Michenzani anauza programu ya kuhesabia vyumba vya wageni, aliniuliza yeye atakuwa wapi. Programu ya kupakuliwa iko la 9, na ile inayotumika ikiwa huko huko kwenye klaudi iko la 42, kwa hiyo mwenye zote mbili afikirie yote mawili. Mimi nilitaka kujaza madaraja sita. Wakili akaniuliza, "Utatengeneza lini hiyo mishumaa?" Nikabaki na la 3.

Bara maombi niliyafanya mtandaoni kwa mfumo wa BRELA, kwa namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Zanzibar nilikwenda kwa miguu yangu, maana napenda kugongewa muhuri mbele ya macho. Cha Bara kinaishi miaka 7 ya mwanzo, halafu kila miaka 10. Cha Zanzibar ni miaka 10. Lile jina la zamani nalo nimelisajili huku visiwani, na ninalitumia kwenye sabuni moja tu inayouzwa Unguja, kwa sababu alama inayowekwa kabatini bila kutumika inaweza kuondolewa.

Gharama, kwa anayetaka kujua: karatasi mpya za kufungia 1,200,000, wakili 1,500,000, maombi ya pande mbili pamoja na nauli zangu 900,000, na faini ya domeni kiasi cha 220,000. Karibu milioni nne, bila kuhesabu wateja wa ule ukurasa, ambao haukurudi. Ningesajili mapema ningetumia hiyo 900,000 tu.

Mambo ya mtandao nimeyapanga kwa namna ambayo mtoto wa shangazi anaiita ya kijeshi. Domeni ni ya biashara, imelipiwa miaka mitano mbele. Akaunti kuu ya klaudi ina wasimamizi wawili, mimi na mdogo wangu, na kila fundi anapewa mlango wake mwenyewe unaoweza kufungwa bila kuvunja nyumba. Namba za siri za kuingilia zinakuja kwenye laini ya biashara, ndani ya kitochi kinachokaa droo ya karakana. Zile namba za akiba za kuingilia nimezichapa, zimo kwenye sanduku moja na vyeti. Kila mwisho wa mwezi mafaili yanashushwa kwenye diski.

Kulikuwa kumebaki kitu kimoja. Nembo, ule mchoro wa mwani uliojikunja, bado ninaitumia, na aliyeichora ni yeye. Wakili alisema mchoro ni haki ya aliyeuchora mpaka akukabidhi kwa maandishi. Nililikwepa jambo hili miezi. Nikamwendea mjomba, ambaye ni maalim, kumuuliza nitamwambiaje mtoto wa shangazi atie saini bila kumuudhi. Alinitazama kama aliyesikia swali la chekechea. "Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an inahusu nini?" Nikasema kuandikiana deni. "Basi hilo unaona haya nalo?"

Alikuja likizo ya Idi. Baada ya chakula, mbele ya mjomba na shangazi, nikatoa karatasi kwenye bahasha, moyo unanienda mbio. Akasoma mstari mmoja, akacheka, akaomba kalamu. Kumbe kule Muscat anatia saini karatasi kama hizo kila mwezi kwa mwajiri wake. Alipomaliza akaniambia anataka sabuni sita za kurudi nazo, akatoa pesa.

Nikachukua pesa, nikamwandikia risiti.